Akiba isiyokatwa kodi au soko la hisa? Jibu kwa muuguzi wa Leicester mwenye pauni 14,000

Swali: Habari za kazi. Mimi ni muuguzi wa NHS (huduma ya afya ya serikali ya Uingereza), nina miaka 34, niko Leicester tangu 2022. Mshahara wangu ni pauni 32,000 kwa mwaka kabla ya makato. Nina pauni 14,000 kwenye akaunti ya kawaida ambayo riba yake ni kiduchu, na kila mwezi naweza kuweka pauni 350. Benki imeniandikia nifungue Cash ISA kwa sababu haikatwi kodi. Mwenzangu wodini anasema huko ni kuzilaza pesa, zote nizitie kwenye ISA ya hisa. Mimi na mume wangu, ambaye ana miaka 36, tunataka kununua nyumba hapa baada ya miaka minne hivi. Mwakani nitalipia ada ya ukaazi wa kudumu. Nyumbani Tanga nina fungu langu katika nyumba aliyotuachia marehemu baba. Nimsikilize nani?

Jibu: Dada, Mungu amrehemu mzee. Hilo la nyumba ya Tanga umelitaja mwishoni kama la kupitia tu, lakini lina uzito mkubwa katika shauri hili na nitalirudia.

Kwanza hizo pauni 14,000. Ziko akaunti moja, lakini kazi zake ni tofauti. Kuna fedha ya mwakani, kuna fedha ya nyumba ya miaka minne ijayo, na kuna fedha ambayo unaweza kuihitaji usiku wa leo simu ikilia kutoka nyumbani. Benki yako na mwenzako wote wawili wanazungumza kama vile fedha yote hiyo ina siku moja ya kutumika, na ndiyo maana wanapingana. Kila pauni iulize itatumika lini. Ukishapata jibu hilo, mahali pa kuiweka panajulikana karibu bila ubishi.

ISA yenyewe ni kapu. Serikali ya Uingereza ililianzisha tarehe 6 Aprili 1999 na kusema: chochote kitakachozaliwa ndani ya kapu hili, iwe riba, gawio (sehemu ya faida ambayo kampuni huwagawia wenye hisa) au faida ya kuuza hisa, hakitatozwa kodi. Tangu Aprili 2017 kila mtu mzima anaruhusiwa kutia humo hadi pauni 20,000 kwa mwaka wa kodi, ambao huanza 6 Aprili na kuisha 5 Aprili ya mwaka unaofuata. Ukitia fedha taslimu inayolipwa riba, hiyo ni Cash ISA. Ukitia hisa au mifuko ya uwekezaji, hiyo ni Stocks and Shares ISA. Sheria ya kodi ya makapu haya mawili ni moja. Kwa hiyo neno "haikatwi kodi" halikusaidii kuchagua kati yake, maana yote mawili hayakatwi.

Tena hebu tuangalie kama hiyo kodi wanayokutisha nayo inakufikia kweli. Tangu Aprili 2016 mtu anayelipa kodi ya mapato ya kiwango cha chini, yaani asilimia 20, ana ruhusa ya kupata riba ya pauni 1,000 kwa mwaka bila kodi, hata kwenye akaunti ya kawaida isiyo ISA. Anayelipa kiwango cha asilimia 40, ambacho huanza mapato yakipita pauni 50,270, anaruhusiwa pauni 500. Anayepita pauni 125,140 hana ruhusa hiyo kabisa. Wewe na pauni 32,000 zako umo kwenye kundi la kwanza. Kwa riba ya asilimia 4, pauni 14,000 zote zingezaa pauni 560. Ungehitaji akiba ya pauni 25,000 ndipo riba yako ifike 1,000 na kodi ianze kubisha hodi.

Maana yake ni kwamba kwa leo Cash ISA haikuokolei hata senti moja ya kodi. Linalokupasa kulinganisha ni riba. Tuseme akaunti ya kawaida ya akiba inatoa asilimia 4.5 na Cash ISA inatoa 4.1. Kwa pauni 9,500, ya kwanza itakupa 427 na senti kadhaa, ya pili 389 na senti kadhaa. Hizo pauni 38 ni zako, usiziache kwa kupenda jina. Ila riba zikiwa sawa au zikipishana kidogo sana, chukua ISA. Fedha iliyokwisha kuingia kapuni hubaki na kinga yake mwaka hadi mwaka, na ukipanda cheo au akiba ikikua utaihitaji. Zaidi ya hapo, bajeti ya Novemba 2025 imepitisha kwamba kuanzia Aprili 2027 kodi ya riba itaongezeka kwa pointi mbili, kiwango cha chini kitoke asilimia 20 kiwe 22.

Jihadhari na kitu kimoja ambacho huwanasa hata watu makini. Akaunti ya muda maalum ya miaka mitatu isiyo ISA, inayolipa riba yote siku ya mwisho, huhesabiwa riba hiyo yote katika mwaka mmoja wa kodi. Mtu anadhani yuko chini ya 1,000, kumbe riba ya miaka mitatu imemwangukia kwa pamoja.

Huenda umesikia pia kwamba serikali inapunguza kiasi cha kutia kwenye Cash ISA. Ni kweli. Kuanzia 6 Aprili 2027 walio chini ya miaka 65 wataishia pauni 12,000 kwa mwaka upande wa fedha taslimu, ingawa jumla ya ISA zote inabaki 20,000. Benki zimeshika habari hii kuwaharakisha wateja. Wewe unaweka pauni 4,200 kwa mwaka, haikugusi. Asikukimbize mtu.

Sasa hisa. Huku ndiko kapu la ISA linafanya kazi kubwa zaidi, na jambo hili huwa halisemwi vya kutosha. Nje ya ISA, gawio lisilotozwa kodi lilikuwa pauni 5,000 kwa mwaka mwaka 2016. Likashushwa hadi 2,000, kisha 1,000, na tangu Aprili 2024 ni 500 tu. Faida ya kuuza hisa iliyosamehewa ilikuwa pauni 12,300. Ikawa 6,000 Aprili 2023, kisha 3,000 Aprili 2024. Milango imekuwa ikifungwa mmoja mmoja. Ndiyo maana mtu anayeishi Uingereza na anayetaka kununua hisa au mifuko hana sababu ya kununua nje ya ISA kabla hajajaza kikomo chake. Kufungua ISA ya hisa kwa kawaida hakuna ada ya ziada, na hujazi hata mstari mmoja wa fomu ya kodi.

Lakini kodi ni upande mmoja. Upande wa pili ni hatari, na hapa fedha taslimu na hisa kila moja ina ugonjwa wake.

Ugonjwa wa fedha taslimu ni wa polepole na hauumi siku ya kwanza. Oktoba 2022 mfumuko wa bei Uingereza ulifika asilimia 11.1, wakati riba ya Benki Kuu ilikuwa asilimia 2.25. Aliyekuwa na pauni 10,000 benki mwaka ule aliona namba imeongezeka kidogo kwenye simu yake, huku mkate, gesi na kodi ya nyumba vikimwacha mbali. Hata bei zikipanda kwa asilimia 3 tu kwa mwaka, pauni 10,000 zisizozaa chochote zitanunua baada ya miaka kumi vitu ambavyo leo vinanunuliwa kwa kama pauni 7,400. Riba nzuri hupunguza maumivu, na miaka mingine huyashinda, lakini kwa miaka 20 au 30 fedha taslimu kwa kawaida hujikongoja tu karibu na bei za vitu.

Ugonjwa wa hisa ni wa ghafla na unaonekana. Soko la Marekani, kwa kipimo cha S&P 500, lilianguka asilimia 34 kati ya tarehe 19 Februari na 23 Machi 2020, yaani kwa wiki tano hivi, kisha likarudi lilikokuwa mwezi Agosti mwaka huohuo. Hilo lilikuwa anguko la huruma. Kati ya Oktoba 2007 na Machi 2009 kipimo hichohicho kilipoteza asilimia 57 hivi. Hapa Uingereza, kipimo cha FTSE 100 kilifunga kwa pointi 6,930 siku za mwisho za Desemba 1999, na hakikuivuka namba hiyo mpaka Februari 2015. Miaka 15! Wenye hisa walikuwa wakipata gawio katika miaka hiyo, kwa hiyo hawakukaa mikono mitupu, lakini aliyehitaji mtaji wake mwaka 2003 au 2009 aliuza kwa hasara. Japani kulikuwa kugumu zaidi: kilele cha Nikkei, kipimo cha soko la huko, cha Desemba 1989 hakikupitwa hadi Februari 2024.

Kutokana na historia hiyo, kanuni ninayoishikilia ni hii: fedha utakayoitumia kabla ya miaka mitano kupita haiendi kwenye hisa, hata soko likiwa linang'aa namna gani. Kati ya mitano na kumi unaweza kugawanya. Zaidi ya kumi, hisa za dunia nzima zina haki ya kuchukua sehemu kubwa. Mwenzako wodini huenda ana haki kwa fedha yake ya uzeeni. Kwa fedha yako ya nyumba amekosea.

Tuje kwenye mafungu yako.

Fungu la kwanza ni la dharura. Kama matumizi yako ya lazima ni pauni 1,500 kwa mwezi, weka ya miezi minne, pauni 6,000, kwenye akaunti unayoweza kutoa siku hiyohiyo. Iwe ya kawaida au Cash ISA, angalia riba kama nilivyoeleza. Kwetu sisi tulio mbali na nyumbani dharura si kuvunjika kwa boila peke yake. Ni tiketi ya ndege ya kesho asubuhi kwa sababu ya msiba, ni dawa za mama, ni mchango ambao huwezi kuukwepa. Ukiuza mfuko wa hisa, fedha huchukua siku kadhaa za kazi kufika benki, na mara nyingine wiki nzima. Msiba hausubiri hivyo.

Fungu la pili ni la ukaazi. Ada ya maombi kwa mtu mmoja ilifikishwa pauni 3,029 Aprili 2025, na ada hizi zina tabia ya kupanda kila Aprili. Kuna na mtihani wa Life in the UK wa pauni 50, na mambo madogomadogo. Tenga 3,500. Masharti ya muda wa kuomba yamekuwa yakijadiliwa upya na serikali, kwa hiyo hakikisha tarehe yako kabla ya kuifungia fedha hii kwenye akaunti ya muda maalum. Iache huru.

Fungu la tatu ni la nyumba, na hapa kuna kapu la tatu ambalo benki haikukutajia: Lifetime ISA. Hufunguliwa na mtu aliyetimiza miaka 18 na ambaye hajatimiza 40. Unatia hadi pauni 4,000 kwa mwaka wa kodi, ambazo huhesabiwa ndani ya zile 20,000, na serikali inaongeza robo ya ulichotia. Ukitia 4,000 unaongezewa 1,000. Hakuna akaunti ya akiba wala soko la hisa linalokuhakikishia asilimia 25 namna hiyo. Masharti: nyumba iwe Uingereza, isizidi pauni 450,000, inunuliwe kwa mkopo wa nyumba, akaunti iwe na angalau miezi 12 tangu fedha ya kwanza iingie, na mwenye akaunti awe mnunuzi wa mara ya kwanza.

Hilo la mwisho ndilo lililonifanya niitaje nyumba ya Tanga tangu mwanzo. Mnunuzi wa mara ya kwanza, kwa sheria ya Lifetime ISA, ni mtu ambaye hajawahi kumiliki nyumba ya kuishi wala sehemu ya nyumba mahali popote duniani, na iliyopatikana kwa kurithi inahesabiwa. Kama fungu lako limekwisha kuingia mikononi mwako kisheria, wewe si mnunuzi wa mara ya kwanza, na ukiitoa fedha ya Lifetime ISA kununulia nyumba utakatwa asilimia 25 ya kila unachotoa. Usidhani hiyo inarudisha tu zawadi ya serikali. Umetia 4,000, umeongezewa 1,000, zimekuwa 5,000. Ukikatwa robo unabaki na 3,750. Umepoteza pauni 250 za jasho lako, asilimia 6.25. Kama mirathi bado haijafungwa na umiliki haujahamishwa, jibu linaweza kuwa tofauti, na hapo umwulize wakili wa masuala ya nyumba kabla ya kufungua chochote, ukiwa na karatasi za mirathi mkononi. Usikae kimya ukitumaini hawatajua. Siku ya kununua, wakili hutia sahihi tamko, nawe hutia lako.

Mume wako, ikiwa hajawahi kumiliki nyumba popote, anaweza kufungua Lifetime ISA yake hata kama wewe huna sifa, na mkanunua pamoja. Zikiondolewa 6,000 na 3,500, umebakiwa na pauni 4,500. Mpe 4,000 atie mwaka huu wa kodi, na 500 iliyobaki iingie mwaka mpya. Kisha kati ya pauni 350 zako za kila mwezi, 200 ziende huko (zile za kabla ya 6 Aprili zingoje mwaka mpya pamoja na hizo 500). Kwa miaka minne itakuwa 4,500 na 9,600, jumla 14,100, na zawadi ya serikali pauni 3,525 juu yake. Kikomo cha 4,000 kwa mwaka hakitawabana, kwa sababu miezi 48 kwa kawaida hugusa miaka mitano ya kodi. Ni akaunti yake kwa jina na kisheria ni fedha yake. Zungumzeni mapema na muelewane.

Achague Lifetime ISA ya fedha taslimu, si ya hisa, kwa sababu ya ile miaka minne. Na siku ya kununua asizitoe mwenyewe hata kama ni kuzipitisha kwenye akaunti yake kwa saa moja. Wakili ndiye anayeziomba moja kwa moja kwa mtunza akaunti. Akizitoa yeye, atakatwa ile robo.

Zimebaki pauni 150 za kila mwezi. Hizi ndizo za ISA ya hisa, maana ndizo hazina siku ya karibu. Kabla ya hapo, nina ombi: usijitoe kwenye pensheni ya NHS kwa ajili ya kupata fedha ya kuwekeza. Wauguzi wengi waliotoka nje hufanya hivyo mwezi wa kwanza wanapoona makato. Kila mwaka unaofanya kazi unajipatia sehemu moja ya 54 ya mshahara wa mwaka huo kama pensheni ya kila mwaka mpaka kufa, na kabla hujastaafu kiasi hicho hupandishwa kila mwaka kwa mfumuko wa bei pamoja na asilimia 1.5. Hakuna mfuko wa hisa utakaokuandikia ahadi hiyo. Walio kwenye nyumba binafsi za wazee wana mpango wa pensheni ambamo mwajiri hulazimika kuchangia angalau asilimia 3, nao wasijitoe.

Nunua nini kwa hizo 150? Mfuko mmoja wa fahirisi ya dunia nzima. Huu ni mfuko unaonunua hisa za kampuni zote zilizo kwenye orodha fulani, kila moja kwa kadiri ya ukubwa wake, bila meneja wa kubahatisha. Orodha zinazojulikana ni FTSE All-World na MSCI World. Ya kwanza ina nchi tajiri na zinazoinukia pamoja, ya pili ina nchi 23 zilizoendelea tu. Katika zote mbili zaidi ya nusu ya fedha iko Marekani, ulijue hilo mapema. Ukiona mfuko mmoja una matoleo mawili, moja limeandikwa Acc na jingine Inc, la kwanza hurudisha gawio ndani ya mfuko lizidi kukua, la pili hukulipa mkononi. Wewe chukua Acc.

Ada ndiyo sehemu ambayo una uwezo nayo kamili, kwa hiyo ifuatilie kwa wivu. Kuna ada ya jukwaa linalotunza ISA na kuna ada ya mfuko. Jumla ya asilimia 0.35 kwa mwaka inapatikana bila shida. Washauri na baadhi ya mabenki watakuuzia kitu chenye jumla ya 1.5, nawe utaona ni tofauti ya asilimia moja tu. Fanya hesabu: pauni 150 kila mwezi kwa miaka 20 ni pauni 36,000 kutoka mfukoni mwako. Tukichukulia kwa mfano tu kwamba soko limekua asilimia 6 kwa mwaka kabla ya ada, kwa ada ya 0.35 unafika kama pauni 66,500. Kwa ada ya 1.5 unafika kama 58,200. Pauni 8,300 zimekwenda. Kwa kulinganisha, fedha taslimu kwa riba ya wastani ya asilimia 3 ingefika 49,200 hivi. Namba ya soko hakuna anayeweza kukuahidi. Ya ada imeandikwa kwenye karatasi. Angalia vilevile majukwaa yenye ada ya chini isiyobadilika ya kila mwezi: pauni 4 kwa mwezi ni kidogo kwa mwenye 40,000, lakini kwa mwenye 1,000 ni karibu asilimia 5 kwa mwaka. Kwa anayeanza, ada ya asilimia ni nafuu.

Makosa mengine hutokea baada ya kufungua, na moja linanisikitisha kila ninapolikuta. Mtu anafungua ISA ya hisa, anaweka agizo la kutuma pauni 150 kila mwezi, anaridhika kwamba "amewekeza". Miaka miwili baadaye anagundua fedha yote imelala humo kama taslimu, kwa sababu kutuma fedha kwenye kapu na kununua mfuko ni hatua mbili. Weka agizo la pili, la kununua kila mwezi, siku chache baada ya la kwanza. Kisha ingia uone unamiliki vipande vingapi.

Kosa la pili ni la kuhamisha. Ukitaka kutoa fedha ISA moja kwenda nyingine yenye riba bora, usizitoe na kuzipeleka mwenyewe. Zikitoka zimevuliwa kinga, na ukizirudisha zinahesabiwa kama mchango mpya wa mwaka huo, isipokuwa kama ISA yako ni ya aina inayoruhusu kurudisha, na hapo kuna masharti. Jaza fomu ya uhamisho ya mtunza akaunti mpya. Yeye ndiye atakayezivuta. Cash ISA kwenda Cash ISA isizidi siku 15 za kazi, nyinginezo siku 30. Na chunguza riba ya utangulizi: nyingi huwa na nyongeza ya miezi 12, ikiisha riba inashuka bila kelele. Andika tarehe hiyo kwenye kalenda ya simu.

La tatu ni utapeli, na hili lina watu waliolizwa. Kampuni ya London Capital & Finance iliuza dhamana, yaani hati za kuikopesha kampuni fedha, kwa kuzitangaza kama ISA zenye riba nono; ilipoanguka Januari 2019, watu zaidi ya 11,000 walikuwa wameweka humo pauni milioni 237, na ikabainika dhamana zile hazikustahili kuwa ISA. Ukiona riba "ya uhakika" inayozidi sana benki zote, kwenye kundi la WhatsApp au kanisani au msikitini, tafuta jina la kampuni kwenye rejista ya FCA, mamlaka inayosimamia kampuni za fedha Uingereza, na tumia namba ya simu iliyo kwenye rejista, si iliyo kwenye tangazo. Fedha taslimu kwenye benki iliyoidhinishwa ina ulinzi wa mfuko wa fidia wa FSCS hadi pauni 120,000 kwa mtu kwa benki tangu 1 Desemba 2025. Kwa uwekezaji ni hadi 85,000, na huo hulinda kampuni ikifilisika au kukudhulumu. Soko likishuka hakuna wa kukufidia.

Wasomaji wengi wa pwani huuliza habari ya riba kidini. Cash ISA za kawaida zinalipa riba, hilo halina tafsiri nyingine. Zipo benki za Kiislamu Uingereza, kama Gatehouse, zinazotoa Cash ISA zenye faida inayotarajiwa inayotokana na biashara na mali, nazo zina ulinzi uleule wa FSCS. Upande wa hisa kuna HSBC Islamic Global Equity Index, inayofuata orodha ya kampuni 100, na iShares MSCI World Islamic. Zote hazina mabenki, pombe wala kamari. Ujue tu kwamba ile ya kampuni 100 imelalia sana kampuni za teknolojia za Marekani, kwa hiyo itapanda na kushuka kwa nguvu zaidi kuliko mfuko wa dunia nzima.

Limebaki la kurudi nyumbani. ISA ni msamaha wa Uingereza. Ukihama ukawa si mkaazi wa kikodi hapa, lazima umjulishe mtunza akaunti, na huruhusiwi kutia fedha mpya, ingawa zilizomo zinabaki na Uingereza haizitozi. Ila Tanzania haina kapu linaloitwa ISA. Mkaazi wa Tanzania kwa kawaida hutozwa kodi kwa mapato yake ya popote duniani, kwa hiyo faida inayozaliwa baada ya wewe kuwa mkaazi kule inaweza kudaiwa na TRA. Ikiwa siku moja mtaamua kurudi Tanga moja kwa moja, muone mtu wa kodi miezi sita kabla ya kuondoka, wakati bado unaweza kuuza ndani ya kapu ukiwa mkaazi wa huku.

Kwa wiki hii: hamisha 9,500 kutoka akaunti hiyo ya riba kiduchu kwenda inayolipa vizuri, mpigie wakili kuhusu mirathi, na mume wako afungue Lifetime ISA hata kwa pauni moja, ili ile miezi 12 ianze kuhesabika. ISA ya hisa inaweza kusubiri mshahara ujao.